Pima Kwanza kwenye Skrini: Mwongozo Kamili wa Kuhakiki Vipimo vya Kipande Kabla ya Kukikata kwa Milingi

Mezani kuna kazi moja. Ni bamba la alumini, milimita 90 kwa 90, unene 20. Katikati lina tundu la kukalia beringi ya 6204, na kwenye pembe zake matundu manne ya kupitisha bolti za M8. Hii ni nyumba ya beringi ya mbele ya mashine ya kukunia nazi, ile ya umeme inayowekwa sokoni na kuanza kazi alfajiri kabla wapishi hawajafika. Kwenye mashine ya CNC, yaani milingi inayoongozwa na kompyuta, ni kazi ndogo. Lakini mteja ameleta faili tu kwenye flashi. Shafti, beringi na fremu viko kwake vinasubiri, na aliyechora hujawahi kumtia machoni.

Nitalifuata bamba hili tangu faili inapofunguliwa mpaka kisu kinaposhuka. Vipimo vyote ni vya milimita. Programu za kuchorea nitakazozitaja ni FreeCAD, Fusion na SolidWorks, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo karakanani, lakini utaratibu haubadiliki hata ukitumia nyingine.

Hatua ya 1: Anza na karatasi, kompyuta ibaki imefungwa

Chukua kalamu uandike unachokijua kutoka kwenye vitu vyenyewe. Mafundi wengi huruka hapa, na mimi naona hii ni nusu ya kazi nzima. Ukitangulia kufungua faili, jicho litaona 47 na akili itaikubali 47. Ukiwa umeshaandika kile ambacho beringi inataka, unaifungua faili ukiwa na swali la kuiuliza.

Beringi ya 6204 haina ubishi. Iwe imetoka kiwanda gani, tundu lake la ndani ni 20, kipenyo cha nje 47, upana 14. Kipenyo cha nje kinaruhusiwa kupungua kwa 0.011 tu, na upana unaruhusiwa kupungua hadi 0.12. Pembe za pete zake zimeviringwa kwa nusukipenyo kisichopungua 1. Viandike vyote, utaona baadaye kila kimoja kina kazi. Ukiwa na beringi mkononi, ipime kwa maikromita, kifaa cha kupimia kwa usahihi mkubwa, hata hivyo. Madukani kuna bidhaa za kughushi, na namba iliyofutika kidogo ubavuni ni rahisi kuisoma 6204 kumbe ni 6205, ambayo ni 25 kwa 52 kwa 15.

Kisha nenda kwenye fremu. Unataka umbali kutoka kitovu cha tundu moja la bolti hadi kitovu cha jingine, na kitovu cha tundu ni hewa tupu, venia (kaliper ya kupimia) haina pa kushika. Dawa yake ni kupima mara mbili. Kwanza pima kutoka ukingo wa mbali wa tundu la kushoto hadi ukingo wa mbali wa tundu la kulia. Kwenye fremu hii nimepata 75. Halafu pima ile sehemu ya chuma iliyo katikati, ukingo wa karibu hadi ukingo wa karibu. Nimepata 57. Jumlisha, gawa kwa mbili: 66. Huo ndio umbali wa vitovu, na uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi hata kama matundu mawili hayalingani kipenyo.

Mwisho andika bolti. M8 ipite bila kubana, tundu la kawaida ni 9, na ukitaka likae karibu zaidi ni 8.4. Kama bamba lenyewe ndilo linalopigwa hesi, hapo tundu la kutoboa kabla ya tepu, kile chombo cha kukatia hesi, ni 6.8. Namba hizi mbili, 9 na 6.8, huchanganywa sana na wachoraji, kwa hiyo muulize mteja: bolti inapita au inakazwa humu ndani? Kwa bamba letu inapita.

Hatua ya 2: Omba faili inayofaa kupimwa

Faili ya STEP ndiyo ya kuomba. Inabeba nyuso halisi, yaani tundu ni mcheduara (silinda) kamili wenye kipenyo, na ndani yake imeandikwa kama vipimo ni vya milimita au inchi. Faili asilia ya programu nayo ni sawa ikiwa unayo programu hiyo hiyo.

STL ni jambo jingine kabisa. Ni ngozi ya pembetatu ndogondogo, nzuri kwa printa za pande tatu, lakini ndani yake hakuna mviringo hata mmoja. Kila tundu ni pembenyingi. Tena haina kipimo: imeandikwa 90, lakini 90 ya nini haisemi.

Hapa niliumia mwanzoni mwa kazi yangu. Nililetewa STL ya nyumba mbili za beringi ya ukubwa huu huu. Nikapima tundu kwa kubofya ubavu mmoja na ule unaoutazama, skrini ikaniandikia 46.77. Nikajiambia mchoraji anataka beringi ikae kwa kukazwa sana, nikakata. Beringi haikuingia hata kwa mashine ya kukandamiza. Nilipokaa chini kuhesabu nikaelewa. Tundu la 47 lilikuwa limegeuzwa pembenyingi ya mbavu 32, na vipeo ndivyo vilivyokaa kwenye duara la 47. Ubavu hadi ubavu unapungua: 47 mara kosaini ya nyuzi 5.625 ni 46.774. Mchoraji hakuwa na kosa. Mimi nilipima kivuli cha tundu nikakiita tundu.

Tundu lililotoka dogo lina dawa, unalirudisha kwenye mashine ukalipanua. Lakini nilikuwa nimeshafungua jiliwa, kile kibano kinachoshika kazi kwenye mashine, na kukitafuta kitovu upya kwa saa ya kupimia kulinimalizia mchana mzima. Tangu siku hiyo nikiletewa STL peke yake narudisha ujumbe kuomba STEP. Ikishindikana kabisa, sipimi ubavu hadi ubavu. Napima kipeo hadi kipeo kinachokitazama, kisha nachora tundu upya mwenyewe kwa kipimo cha beringi.

Na DXF, ile faili ya michoro bapa? Ina nafasi ya kuandika aina ya kipimo, ila mara nyingi imeachwa wazi. Ichukulie kama STL kwa upande huo.

Hatua ya 3: Hakikisha milimita ni milimita, na fungua desimali

Faili ikishafunguka, pima kwanza kitu kimoja unachokijua kwa hakika. Hapa ni upande wa bamba, 90. Kwenye Fusion bonyeza herufi I, au nenda Inspect kisha Measure. SolidWorks iko kwenye kichupo cha Evaluate. FreeCAD tangu toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, ina kifaa kimoja cha Measure kinachotambua chenyewe kama umechagua ukingo, uso au duara. Kama bado una toleo la zamani lenye vifaa vya kupimia vilivyotawanyika, sasisha tu, utapumua.

Ukibofya ukingo wa upande na ukaona 90, endelea. Ukiona 3.543, programu inakusomea kwa inchi, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Badili mpangilio wa vipimo usome tena. Ukiona 2286, faili ya milimita imesomwa kama inchi ikakuzwa mara 25.4. Hapo usiipunguze kwa kukisia. Ifungue upya ukichagua kipimo sahihi wakati wa kuiingiza, halafu upime tena.

Sasa desimali. FreeCAD ikitoka kama ilivyo huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta. Kwa kazi ya beringi hazitoshi hata kidogo. Tundu lenye 47.004 na lenye 46.996 yote yataandikwa 47.00, na wewe utaona mambo shwari. Nenda Edit, Preferences, General, sehemu ya Units, uweke tarakimu nne. Fusion ina chaguo la usahihi ndani ya dirisha lenyewe la kupimia. Ukiona namba kama 46.9987 kwenye kitu kilichopaswa kuwa 47 kamili, hiyo ni dalili kwamba modeli imepita kwenye mikono mingi na kugeuzwa aina mara kadhaa. Ongeza umakini kwa yote yanayofuata.

Hatua ya 4: Sanduku la nje

Kila modeli inaweza kuwekwa ndani ya sanduku dogo kuliko yote linaloitosha. Vipimo vya sanduku hilo vinakuambia ununue kipande cha ukubwa gani na kama mashine itakifikia. Fusion inayaonyesha kwenye Properties ya kipande. Kwenye FreeCAD chagua bamba, fungua kidirisha cha Python, andika mstari huu:

Gui.Selection.getSelection()[0].Shape.BoundBox

Utajibiwa namba sita: tatu za mwanzo ni pale X, Y na Z zinapoanzia, tatu za mwisho ni pale zinapoishia. Toa, upate urefu wa kila upande. Tunatarajia 90, 90 na 20.

Namba hizi sita zinasema zaidi ya ukubwa. Ukipata 91.56 badala ya 90 kwa X na Y, ujue bamba limelala mshazari kwa nyuzi 1. Macho hayaoni nyuzi moja kwenye skrini, lakini mashine itakata mshazari huo huo huku jiliwa likiwa limeshika sawasawa. Ligeuze lilale sambamba na mihimili kabla ya jambo jingine lolote. Vilevile angalia sifuri, yaani pale X, Y na Z zinapoanza kuhesabiwa, iko wapi. Kama X inaanzia 412.7, mchoraji alikuwa na bamba ndani ya mkusanyiko wa mashine nzima, na sifuri yake iko mbali huko kwenye mota. Mimi huhamisha sifuri ya kipande hiki katikati ya tundu la beringi, juu ya uso wa bamba, kwa sababu tundu ndilo lenye kazi, na matundu mengine yanapimwa kutokea kwalo.

Hatua ya 5: Matundu

Bofya ukuta wa ndani wa tundu la beringi, yaani ule uso wa mcheduara. Usibofye mstari wa ukingo wa juu. Sababu yake ni kwamba juu mara nyingi kuna kona iliyochongwa mshazari ili beringi iingie kwa urahisi, na ukibofya mstari wa nje wa mshazari huo utapata 48 badala ya 47. Baadhi ya programu zinaandika nusukipenyo, nyingine kipenyo. Soma neno lililo mbele ya namba kabla ya kusoma namba.

Hapa tunapata 47.000. Nyuma yake kuna tundu dogo zaidi linalotokea upande wa pili, 36.000. Tofauti ya nusukipenyo ni 5.5, na hilo ndilo bega ambalo pete ya nje ya beringi inaliegemea. Simama hapa kidogo ufikirie. Bega lisipokuwepo beringi itapita moja kwa moja. Likiwa pana mno litagusa pete ya ndani, ambayo inazunguka pamoja na shafti, na mashine itapiga kelele na kuchemka. Pete ya ndani ya 6204 ina kipenyo cha nje kama 29, kwa hiyo 36 inaiachia nafasi ya kutosha pande zote.

Matundu ya bolti yapime yote manne, usipime moja ukaamini mengine matatu. Nimewahi kukuta matatu ya 9 na moja la 6.8, pengine mchoraji alibadili mawazo katikati ya kazi. Angalia pia kama yanapita hadi chini. Zungusha modeli, tazama kwa upande wa chini, uhesabu matundu: manne na kubwa moja.

Hatua ya 6: Umbali kati ya vitu

Hapa ndipo kosa la gharama hujificha, kwa kuwa tundu lililotobolewa pasipo pake halina dawa ya kirahisi.

Ukibofya duara mbili na kuomba umbali, programu inaweza kukupa umbali mfupi kuliko wote, ukingo kwa ukingo. SolidWorks ina kitufe cha kuchagua vitovu, ufupi au urefu. Jizoeshe kuuliza kila mara: hii namba imetoka wapi mpaka wapi? Kwenye bamba letu skrini imeandika 57. Je, ni kosa? Ongeza nusukipenyo cha kila upande, 57 na 4.5 na 4.5, unapata 66. Na 57 ndiyo ile ile venia ilipata kwenye fremu kati ya kingo za karibu. Karatasi na skrini vimeonana.

Usiishie upande mmoja. Pima pande zote nne, kisha pima mshazari, pembe hadi pembe. Pande zikiwa 66 zote, mshazari lazima uwe 93.338. Mishazari miwili isipolingana, matundu yamekaa kama msambamba uliolala, na pande zake zote bado zinaweza kusoma 66. Fundi seremala hufanya hivi hivi kwa kamba kwenye fremu ya mlango.

Kisha pima kutoka kitovu cha tundu la beringi hadi kitovu cha kila tundu la bolti: 46.669 mara nne. Moja likitofautiana, tundu la beringi haliko katikati, na shafti itakaa upande.

Malizia na kuta. Kutoka ukingo wa tundu la bolti hadi ukingo wa bamba kuna 7.5. Kutoka tundu la bolti hadi tundu la beringi kuna 18.67. Zote nene, bamba halitapasuka wala kutetemeka likikatwa. Kwenye kazi nyingine ukikuta ukuta wa alumini wa 1 wenye kina cha 20, mpigie mteja simu kabla hujawasha mashine.

Hatua ya 7: Kina na kona za ndani

Bofya sakafu ya tundu la beringi, yaani lile bega, kisha uso wa juu wa bamba. Tumepata 14.000. Inapendeza, kwani beringi ina upana wa 14. Lakini kumbuka kile tulichoandika: upana unaruhusiwa kupungua hadi 0.12. Beringi yenye 13.9 ikikaa kwenye kina cha 14.0 itazama 0.1 chini ya uso, na kifuniko kikifungwa hakitaigusa. Pete ya nje itakuwa huru kutambaa ndani ya tundu, itakula alumini taratibu. Kwa mashine ya kukunia nazi, ambayo mkunaji anaisukuma nazi kuelekea beringi siku nzima, napendekeza kina cha 13.8 ili beringi ijitokeze kidogo na kifuniko kiibane. Huu si uamuzi wako peke yako. Mwambie mteja, akubali, uandike kwenye karatasi.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote: kona ya chini, pale ukuta unapokutana na bega. Vuta karibu skrini mpaka uione. Kama mchoraji ameweka mviringo, ubofye usome nusukipenyo. Pembe ya beringi imeviringwa kwa 1 au zaidi, kwa hiyo mviringo wa kona lazima uwe chini ya 1. Faili hii ina 0.5, salama. Ingekuwa 1.5, beringi ingepanda juu ya mviringo huo na isiguse bega kamwe, na ungetafuta ugonjwa wiki nzima. Kumbuka pia kisu chako. Ukikata kwa kisu chenye kona ya mviringo wa 1, kona hiyo itaonekana kwenye chuma hata kama modeli inasema 0.5.

Bamba letu halina shimo la pembe nne, lakini kazi nyingi zinalo, na sheria yake ni fupi. Kisu ni cha mviringo, hakiwezi kuacha kona ya ndani iliyo kali. Kisu cha 6 kinaacha nusukipenyo cha 3. Pima kila kona ya ndani, chukua iliyo ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo inayochagua kisu. Na afadhali kona ya 3.5 kwa kisu cha 6 kuliko 3 kamili, kwa sababu kwenye 3 kamili kisu kinaganda konani, kinalia, na kuacha alama.

Hatua ya 8: Pima na vile visivyo kwenye modeli

Jiliwa, vipande vya chuma vya kuinulia kazi, na kichwa kinachoshika kisu havimo kwenye faili, lakini kisu kitakutana navyo.

Mdomo wa jiliwa ufunguke zaidi ya 90. Halafu vipande vya kuinulia. Ukingo wa tundu la bolti unaanzia 7.5 kutoka ukingo wa bamba, na keekee ikitokea chini inashuka zaidi ya unene wa bamba. Vipande vya upana wa 6 vikiegemea mdomo wa jiliwa vitapona. Vya 10 vitatobolewa. Tazama jinsi 7.5 ile ile tuliyoipima kwa ajili ya ukuta inavyotuchagulia na vifaa vya kushikia.

Urefu wa kisu nao. Tundu la 36 linafika kina cha 20, na kisu kinahitaji kupita kama 1 zaidi. Nati ya kawaida ya koleti ya ER20, yaani ile inayokaza kisu kwenye kichwa cha mashine, ina kipenyo cha 34. Kisu cha 10 kikizunguka ndani ya tundu la 47, nati hiyo itakuwa juu ya bamba muda wote. Kisu kikichomoza 18 tu, nati itagonga uso kabla kazi haijaisha. Nachomoza 25, na nahakikisha bolti wala bomba la maji ya kupoza halijitokezi njiani.

Hatua ya 9: Ujazo na mizani

Hii naipenda sana kwa kuwa inakamata makosa ambayo bofya mia moja hazitayakamata. Programu itakupa ujazo wa kipande. Kwenye FreeCAD ni mstari ule ule, ukiweka Volume mahali pa BoundBox. Halafu piga hesabu kwa mkono: sanduku zima ni 162,000. Toa tundu la beringi 24,289, toa tundu la nyuma 6,107, toa matundu manne 5,089. Inabaki karibu milimita 126,515 za ujazo. Skrini ikitofautiana na hiyo kwa zaidi ya chembe, kuna kitu ndani ya modeli hujakiona: tundu lisilopita, mfereji upande wa chini, au mwili mwingine umejificha ndani.

Alumini ina gramu kama 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo bamba lililokamilika litakuwa na gramu 342 hivi. Kama mteja ana bamba la zamani lililochakaa, liweke kwenye mizani ya jikoni. Mara moja nilikuta la zamani lina gramu zaidi ya mia moja juu ya modeli. Tulipopima unene tukakuta 26, siyo 20, na bolti za fremu zilikuwa zimenunuliwa kwa urefu huo.

Hatua ya 10: Kutoka namba ya skrini hadi namba ya kukata

Modeli inasema 47.000. Mashine ikifuata namba hiyo kikamilifu, utakuwa umelenga mpaka wa chini kabisa wa kinachoruhusiwa. Nyumba ya beringi ya namna hii hukatwa kwa toleransi (kiasi cha kupungua au kuzidi kinachoruhusiwa) ya H7, na kwa vipenyo vya zaidi ya 30 hadi 50 maana yake ni kutoka 0 hadi kuongeza 0.025. Kwa hiyo tundu liwe kati ya 47.000 na 47.025. Nalenga katikati, 47.012.

Usiibadilishe modeli kwa ajili hiyo. Iache na 47, uweke tofauti kwenye upande wa kukata. Pitisha kisu mara ya kwanza ukiacha 0.2 kwenye ukuta. Pitisha tena ukiacha 0.05. Hapo simamisha mashine, usifungue jiliwa, usafishe tundu na upime kwa kipimo cha ndani cha saa, kilichowekwa sifuri kwa maikromita. Kilichobaki ndicho unachokiingiza kwenye fidia ya kisu, ile namba ya mashine inayosogeza njia ya kisu, kwa mpito wa mwisho.

Lakini subiri lipoe. Vipimo vyote duniani vimewekwa kwa nyuzi joto 20, na karakana zetu za pwani hazijui nyuzi 20. Alumini inatanuka. Bamba likiwa na nyuzi 45 kwa sababu ya kukatwa, tundu la 47 linasoma kubwa kwa 0.016 kuliko litakavyosoma likirudi nyuzi 30. Hiyo ni zaidi ya nusu ya 0.025 yetu. Ukipima likiwa la moto utaridhika, ukifika nyumbani kwa mteja beringi inakataa. Mimi huiweka beringi yenyewe juu ya bamba kama robo saa, vyote vikae joto moja, ndipo napima.

Likishatoka kwenye jiliwa, chukua venia ufanye kile kile ulichofanya kwenye fremu: 75 kingo za nje, 57 kingo za ndani, pande zote nne. Ziandike kwenye karatasi ile ile, safu ya tatu, kando ya namba za fremu na namba za skrini. Karatasi hiyo naihifadhi na jina la kazi juu yake, kwa kuwa mashine ya nazi ina bamba la nyuma pia, na mteja wa sokoni akiona la mbele limekaa vizuri, wiki ijayo atarudi na la pili.